Gari la Marehemu Lisioshwe



Tangu ijulikane kwamba marehemu ami yetu wa Portsmouth ameacha bandani, pamoja na vitabu vyake na majamvi, gari la Jaguar E-Type lililolala tangu 1976, jamaa wote wamegeuka mafundi. Mmoja anataka lipakwe rangi kabla ya kuuzwa, kwani kitu kikipendeza, asema, hupata mteja. Mwengine keshamleta mnunuzi mpaka mlangoni, Pauni 12,000 taslimu mfukoni na lori la kubebea gari likinguruma barabarani. Wa tatu, naye yuko mbali kuliko wote, amesikia kwamba Ferrari iliyookotwa kwenye vumbi huko Ufaransa iliuzwa kwa mamilioni, na ameanza kutuulizia habari za viwanja. Nimetakwa rai. Naitoa hapa mbele ya wote kwa sababu najua kwamba nyumba hii si ya peke yake. Wazee wetu kadhaa waliofika huku baada ya 1964 na wakapata kazi ya maana walijiruhusu anasa moja tu, na anasa hiyo mara nyingi ilikuwa na magurudumu manne.

Rai yangu ni hii: gari lile lisioshwe, lisipakwe rangi, lisiwashwe, wala lisitoke bandani mpaka karatasi zake zote zikusanywe. Anayeoshwa ni maiti. Gari la maiti huachwa na vumbi lake.

Mimi si fundi. Kwa miaka 31 nilikuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kupokea hati, kulinganisha namba, na kurudisha zile zisizolingana. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikihudhuria minada ya magari ya kale, kwanza kwa kupitisha siku, kisha kwa hamu ya kweli, maana niliona kwamba wale wanaonunua kwa fedha nyingi hawaanzi kwa kutazama gari. Huanza kwa kuomba faili lake. Hukaa nalo kwenye kiti pembeni, miwani puani, wanasoma risiti za 1969. Wakimaliza ndipo wanapoinama chini ya gari na tochi.

Kisa chake si kigumu kukifahamu. Kasoro za gari lililotelekezwa ni za namna mbili. Kuna kasoro yenye bei, na kuna kasoro isiyokuwa na bei. Kutu ina bei. Viti vya ngozi vilivyoliwa na panya vina bei. Injini iliyoganda, breki zilizokauka, nyaya zilizotafunwa, vyote hivyo yupo fundi atakayekwambia ni kiasi gani, na ingawa kiasi chenyewe kitakushitua, utakiandika kwenye daftari na hesabu itakwenda. Lakini injini ya asili iliyong'olewa na kutupwa, namba ya chesisi iliyosagwa, bodi iliyokatwa na kuungwa na ya gari jingine, kumbukumbu zilizochomwa moto wakati wa kusafisha nyumba: hizo hana fundi wa kuzirejesha, awe wa Coventry au wa Modena. Mnunuzi hodari hufanya hesabu ya karani. Huchukua bei ya gari la namna ile likiwa limekamilika, akatoa gharama za kulitengeneza, akatoa tena fungu la khofu kwa yale asiyoyaona. Fungu hilo la khofu ndilo linalouumiza mkono wa muuzaji, na hakuna kitu kinacholikuza kama rangi mpya.

Hapa yafaa nieleze kidogo umbile la E-Type, kwani wengi waisifu kwa uso wake bila ya kujua mifupa yake. Gari hili lilioneshwa mara ya kwanza Geneva, Machi 1961, na lilitengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 1970, jumla zaidi ya 70,000. Halina fremu kamili ya chini kama lori. Sehemu ya kati ni sanduku la chuma chembamba lililochomelewa, na nguvu zake zimo katika sakafu na katika zile boriti mbili za pembeni chini ya milango. Mbele ya sanduku hilo imefungwa kwa boliti fremu ya vyuma vyembamba vya pembe nne, nayo ndiyo inayobeba injini. Boriti zikiliwa na kutu, gari hulegea kiunoni kama jahazi kuukuu. Basi ukitaka kuijua hali yake usiitazame boneti, ijapokuwa ni ndefu na nzuri. Tazama mwanya wa mlango. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, au mlango ukagoma kurudi mahali pake, kutu imeshakula ndani. Mimi hubeba sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa. Panapokataa kunata, pana uji wa plastiki badala ya chuma, na juu yake rangi ya kung'ara.

Sasa mtu akilipaka gari hili rangi ya haraka, kwa Pauni elfu tatu au nne, atakuwa amefanya nini? Atakuwa ameificha ile kutu ambayo mnunuzi alitaka kuiona kwa macho yake. Kutu inayoonekana huhesabiwa. Kutu iliyofunikwa hudhaniwa, na dhana ya mnunuzi siku zote ni mbaya kuliko hali yenyewe. Tena atakuwa ameifuta rangi ya kiwandani, ambayo hata ikichubuka ni shahidi. Rangi ya asili huwapo mara moja tu.

Vivyo hivyo kuliwasha. Kijana wetu mmoja, namshukuru kwa bidii yake, alitaka kuweka betri "asikie mlio". Injini iliyokaa karibu nusu karne huwa pistoni zake zimeshikana na silinda, valvu zimeganda, na petroli imegeuka gundi ndani ya kabureta. Ukiilazimisha kuzunguka utaivunja kitu ambacho mafuta na subira ya wiki chache vingekilegeza. Na injini yenyewe ina namba, na namba hiyo yapasa iwe ile ile iliyoandikwa siku gari lilipotoka kiwandani.

Kwa wanaosema kwamba vumbi ni aibu mnadani, nawakumbusha mambo ya Newcastle. Mwaka 2007 alifariki huko daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa mtu wa faragha. Jamaa zake walipofungua banda walikuta Bugatti Type 57S Atalante ya 1937, ambayo mwenyewe wa kwanza alikuwa Earl Howe, bwana mashuhuri katika mashindano ya magari ya Uingereza. Daktari aliinunua 1955 akailaza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Warithi hawakuipaka rangi. Februari 2009 kampuni ya Bonhams iliinadi Paris ikiwa na kimya chake cha miaka, nayo ikapata kiasi cha Euro milioni 3.4. Na Agosti 2023, huko Monterey, California, RM Sotheby's walinadi Ferrari 500 Mondial ya 1954 iliyopata ajali na kuungua katika mashindano ya miaka ya 1960. Kilichobaki ni mabati yaliyokunjamana, mtu asiyejua angelipia aondolewe. Ilikwenda kwa Dola 1,875,000. Kilichonunuliwa pale si bati. Ni nasaba: namba moja isiyo na shaka, na tarekhe inayoweza kuthibitishwa tangu siku ya kwanza. Sisi tuliokuzwa kwenye nyumba ambazo shajara ya ukoo hutundikwa ukutani tusione ajabu.

Lakini hapa nigeuke kwa yule ndugu yetu wa viwanja, nimshushe polepole. Ile Ferrari ya Ufaransa anayoitaja, 250 GT California Spider ya 1961, iliyonadiwa na Artcurial Paris, Februari 2015, kwa zaidi ya Euro milioni 16, ni kweli ilikutwa chini ya marundo ya magazeti. Lakini haikupata bei ile kwa sababu ya magazeti. Zilitengenezwa chache za kuhesabika, na hiyo moja ilikuwa mikononi mwa Alain Delon. Kutelekezwa hakukuipa thamani. Kulihifadhi tu thamani iliyokuwamo. Mtu akitelekeza kitu cha kawaida atakikuta baadaye ni kitu cha kawaida kilichooza. Nalisema hili kwa sababu nimekwisha kuona familia mbili zikilia machozi ya tamaa juu ya MGB. Gari zuri lile, lilipendwa na vijana, lakini lilitengenezwa zaidi ya nusu milioni, na hata leo mtu aweza kununua lililokamilika kwa fedha chini ya zile atakazolipa fundi kulifufua bovu. Hesabu yake haitoki, hata marehemu awe alipendwa vipi.

Gari la ami liko wapi baina ya hayo mawili? Namba yake ya chesisi, niliyoisoma kwa tochi bila ya kugusa kitu, inaanza na 1E, maana yake ni la injini ya lita 4.2 la toleo la kwanza, lililoanza kutengenezwa Oktoba 1964. Ni lenye paa la kudumu, viti viwili, na usukani wa kulia. Lingekuwa la wazi lingepanda bei. Lingekuwa lile refu la viti vya nyuma, lililoletwa 1966, lingeshuka. Usukani wa kulia ni neema kwetu, kwani sehemu kubwa ya E-Type zilipelekwa Marekani, na mnunuzi wa Uingereza hupenda lile lililouzwa Uingereza tangu mwanzo kuliko lililorudishwa na kugeuzwa. Kufufua gari kama hili kwa fundi anayejua kazi yake huweza kupita Pauni 100,000, na hilo ndilo linaloizuia bei kupaa. Si hazina ya mfalme, basi. Lakini yule bwana mwenye lori anajua analolifanya: hakuja na fedha taslimu kwa sababu anatuhurumia. Magari ya namna hii, hata yasiyotembea, yamekuwa yakinadiwa kwa maradufu ya alichokileta na zaidi, yakiwa na karatasi.

Karatasi. Ami alikuwa mtu wa kuhifadhi, Mungu amrehemu. Katika kopo la biskuti tumekuta risiti ya kununulia ya 1974, wakati petroli ilipopanda na magari yenye injini kubwa yakawa hayatakiwi, ndipo akaweza kulinunua. Tumekuta stakabadhi za matairi, vyeti viwili vya ukaguzi, na kile kikaratasi cha mviringo cha kodi ya barabara, kilichokwisha 1976, mwaka aliozaliwa mtoto wa tatu na gari la viti viwili likawa halina maana. Kilichokosekana ni kile kitabu cha zamani cha usajili, na kukosekana kwake ni kuzito kuliko kutu yote iliyomo ndani.

Nieleze sababu. Zamani magari yalisajiliwa na halmashauri za miji na majimbo. Kumbukumbu zilihamishwa kidogo kidogo katika kompyuta ya Swansea, na gari ambalo mwenyewe hakulihamisha mpaka mwishoni mwa 1983 liliachwa nje. La ami lililala 1976; kwa Swansea, gari hili halipo. Ili lirudishiwe namba yake ya asili yapasa kupitia utaratibu unaoitwa V765, ambapo chama cha wenye magari ya namna hiyo hulikagua na kushuhudia, na hati ya wakati ule inayoifunga namba ya usajili na namba ya chesisi pamoja huwasilishwa. Hati bora ya kazi hiyo ni kitabu cha zamani. Ikikosekana, gari laweza kupewa namba nyengine inayolingana na umri wake, nalo litauzika, lakini litakuwa kama mtu aliyepewa jina jipya uzeeni. Na msidanganyike kwamba hati mpya ya V5C ikipatikana mambo yamekwisha. Hati hiyo yenyewe imeandikwa kwamba si ushahidi wa umiliki. Yamtaja mwenye kuliweka gari tu. Umiliki wetu utathibitishwa na risiti ile ya 1974 pamoja na hati za mirathi. Jaguar Daimler Heritage Trust nao hutoa cheti kutoka madaftari ya kiwanda, chenye namba ya injini, ya bodi, rangi ya asili na tarehe ya kupelekwa kwa muuzaji. Nimeshakiomba.

Tuliokulia Mombasa tunakumbuka Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally, 1971 na tena 1973, zimepakwa matope mpaka madirishani. Tangu siku hizo sijui nimeoneshwa 240Z ngapi ambazo "zilikimbia Safari". Matope kila mtu aweza kuyapaka. Bila ya karatasi, ni Datsun iliyochafuka.

Kuhusu mnada wenyewe sina mengi, ila mjue hesabu isije ikaleta ugomvi. Bei inayotajwa nyundo ikigonga siyo anayotoa mnunuzi wala siyo tutakayopokea. Tuseme nyundo imegonga Pauni 40,000, ada ya mnunuzi ni asilimia 12.5, na ada ya muuzaji asilimia 5, kila moja na kodi yake ya asilimia 20. Mnunuzi atatoa Pauni 46,000, sisi tutapokea 37,600. Kisha kuna kima cha chini, ambacho ni siri baina yetu na dalali. Wenye tamaa hukiweka juu, gari likarudi halikuuzwa, na matokeo hayo hutangazwa. Mara ya pili wanunuzi huja wakijua kwamba limekataliwa. Nataka kima chetu kiwe cha kiasi. Jambo moja halinistarehesheshi: sheria ya huku humwachia dalali kupandisha bei kwa niaba ya muuzaji mpaka karibu na kima hicho, ikiwa imetangazwa. Tuliosomeshwa buyuu tunalijua jina la kupandisha bila ya nia ya kununua, ni najshi, na kutangazwa kwake hakunitoshi. Nitamwomba dalali asifanye hivyo kwa gari letu. Akikataa, tutatafuta mwengine.

Ama kwa mtoto mkubwa wa marehemu, anayetaka gari libaki nyumbani, sina kinyongo naye. Na alichukue. Lakini alichukue kwa bei ya wakadiriaji wawili wasiojuana, si kwa bei ya yule wa lori, kisha kila mrithi apewe haki yake. Mjane ana thumni. Rangi ya haraka ikiishusha bei kwa Pauni 16,000, ni Pauni 2,000 zilizotoka mkononi mwa mama wa eda, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo hakuna mrithi mmoja mwenye haki ya kushika brashi, hata kwa nia njema, mpaka wote waridhie kwa maandishi.

Limebaki ombi. Mnamo 1991 ami alipeleka Maskati sanduku la barua na picha, na baadhi yake zikagawiwa kwa jamaa wa Unguja. Aliye na chochote katika hivyo akitafute. Tunachokitafuta ni kijitabu cha karatasi ngumu cha kukunjwa, chenye mihuri ya halmashauri na majina ya wenye gari waliotangulia yamefuatana kwa mwandiko wa mkono. Na picha: ipo moja, nimeambiwa, ami amesimama mbele ya boneti na suti ya Idi, na nyuma yake inasomeka namba. Msiikate pembeni, msiitie rangi kwenye simu. Nitumieni kama ilivyo, na upande wa nyuma pia, kama pameandikwa kitu. Dalali anafunga orodha ya mnada mwisho wa mwezi ujao.